Kitambaa cha Sita

Ijumaa ile mama yake Twalibu, Bi Mwanamkuu, alipokubali, Ng'washi alikuwa amebakiza karatasi moja ambayo hakuwa amempa Twalibu.

Ilikuwa mfukoni mwa koti lake jeupe, imekunjwa mara nne. Alikuwa peke yake maabara. Mzee Lugembe, mwenzake wa pekee katika kazi ile, alikuwa amelazwa tangu Jumatatu kwa ugonjwa wa kifua uliokuwa ukimrudia kila kiangazi, na vioo vya damu ya wagonjwa wa Usinge vilikuwa vimepangwa mezani vikimngoja yeye. Alikuwa ameinamia hadubini aliposikia dirisha likigongwa kwa ncha ya kidole.

Ni Twalibu, ametoka msikitini, kanzu imenyooka, kofia mkononi. Kucha zake zilikuwa na rangi pembeni kama kawaida, nyekundu na nyeusi, maana ndiye aliyeandika majina ya nusu ya maduka ya Tabora, na rangi ile haikutoka hata kwa mafuta ya taa.

"Mama amekubali," alisema.

Ng'washi alisimama. Akashika ukingo wa meza.

"Kasemaje?"

"Kasema nikulete Jumapili, tule pamoja. Kasema, yule binti akikueleza kitu, hata asiyeona anaona." Twalibu alicheka taratibu. "Nimepata mke bila kupeleka posa. Wewe mwenyewe umejiposea."

"Na masharti?"

"Kusilimu ulishasema huna neno. Limebaki moja, wala kwako si sharti, maana kazi yako ni hapa hapa. Anataka ukae mjini naye. Unamjua. Babu zake walitembea miezi mitatu kutoka Bagamoyo na mizigo kichwani. Baba yangu akatembea na lori mpaka likamuua njia ya Igalula. Anasema ukoo wake umetembea vya kutosha. Mkwe wake akae."

Ng'washi alijaribu kutabasamu. Twalibu akamtazama kwa jicho lile alilolitumia kuangalia herufi kama imekaa sawa.

"Mbona kama hujafurahi?"

"Nimefurahi. Nimechoka tu."

"Basi niletee karatasi ya maneno ya kitambaa cha sita, cha mwisho. Mkutano wa madaktari ni Jumatano, na rangi inataka siku mbili kukauka."

"Nitakuletea kesho," Ng'washi alisema.

Twalibu alipoondoka, Ng'washi aliketi kwenye kiti chake akaficha uso viganjani. Mtu aliyepita nje angedhani anaumwa kichwa.

Walijuana kwa sababu ya malale. Miezi miwili kabla ya hapo, Ng'washi alikuwa ameingia kibandani kwa Twalibu, mtaa wa Gongoni, akiwa na makaratasi kumi na moja yaliyojaa tarakimu. Wagonjwa walikuwa wakiletwa hospitali kutoka vijiji vipya vya Usinge. Mwanzo walikuja wawili kwa mwezi, kisha watano, kisha kumi. Watu wazima, wenye nguvu zao, wanasinzia wakitembea. Yeye ndiye aliyekuwa akiviona vijidudu katika damu yao. Alikuwa amewauliza mmoja mmoja walikopita, akaandika, na jibu likawa wazi mbele yake: karibu wote walikuwa wakivuka kijito kimoja, Kasisi, kwenda mashambani na kurina asali, na hapo kivukoni ndipo mbung'o walipokuwa wakiwangoja.

Mkutano wa madaktari na maofisa wa mkoa ulimpa dakika ishirini. Wakimwelewa, kambi ya matibabu ingefunguliwa Usinge kabla ya mvua. Wasipomwelewa, mvua ingefunga njia, na mpaka ifunguke wengi wangekuwa wamelala usingizi usio na kuamka.

"Naomba uniandikie haya kwenye karatasi kubwa," alimwambia Twalibu siku hiyo.

Twalibu aliyasoma yote kumi na moja, amesimama, bila kumharakisha.

"Dada, nani atayasoma haya?"

"Madaktari."

"Daktari naye ana macho mawili tu. Mimi naandika mabango. Mtu anapita na baiskeli yake, ana mambo yake. Nikimwekea maneno kumi hasomi hata moja. Nikimwekea matatu, anashuka." Akamrudishia makaratasi. "Haya wape mkononi wakasome nyumbani. Ukutani tuweke kitu kimoja kimoja."

Wakaacha karatasi, wakachukua marekani, kwa kuwa kitambaa hakipasuki kikitundikwa. Vitambaa sita. Cha kwanza, mtu aliyekaa na tonge mkononi, kichwa kimeanguka kifuani. Cha pili, mbung'o mkubwa kama sinia, mbawa zimelaliana. Cha tatu, ramani ya Usinge yenye vidoa vyekundu, na vidoa vimejazana kivukoni kama sisimizi kwenye sukari. Cha nne, nguzo za miezi, kila mwezi nguzo inarefuka. Cha tano, watu kumi waliotibiwa mapema na watu kumi waliochelewa, ili macho yenyewe yahesabu waliosimama na waliolala. Na cha sita, mambo yanayotakiwa.

Mazoezi waliyafanya uani kwa Bi Mwanamkuu, saa kumi za jioni, Ng'washi akitoka kazini. Mara ya kwanza alisoma dakika arobaini na saba, uso kwenye karatasi.

"Nimesikia asilimia mara kumi na tisa," Twalibu alimwambia. "Sijamsikia mtu hata mmoja."

Mama yake alikuwa amekaa mkekani akichambua mchele kwa vidole, maana macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na nuru iliyobaki ndani yake ilikuwa ndogo. Wiki za mwanzo hakuwa akimtaka msichana huyu. Alimwambia mwanawe waziwazi: Mkristo, Msukuma wa Nzega aliyelelewa na ng'ombe, na kazi yake ni damu za watu. Na kule Nzega, Mzee Masolwa, baba yake Ng'washi, naye alikuwa ameleta salamu kwamba hamwelewi mwanamume anayeishi kwa rangi badala ya mifugo, ila binti yake ana akili zake. Lakini siku hiyo Bi Mwanamkuu aliacha mchele.

"Mimi sivioni hivyo vitambaa vyenu," alisema. "Huyo mgonjwa wa kwanza ana jina?"

"Anaitwa Mahona, mama."

"Ana mke?"

"Anaye. Ngollo."

"Mkewe alisemaje alipomleta?"

Ng'washi aliweka karatasi chini. Akamsimulia. Ngollo alisema mumewe alikuwa akirina asali, mtu wa kupanda mti mpaka kileleni. Siku moja akalala na tonge la ugali mkononi. Akamwamsha, akala, akalala tena. Wakasema amerogwa, wakamzungusha kwa waganga miezi miwili. Alipomfikisha hospitali, Mahona hakuwa akimjua tena mkewe kwa jina, ila alikuwa akimshika upindo wa kanga kila aliposogea.

Bi Mwanamkuu alijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Sasa umesema," alisema.

Tangu siku ile hotuba ikaanzia hapo. Na tangu siku ile kikombe cha tatu cha chai kikawa kinatolewa bila kuombwa. Twalibu akawa anashika saa, Ng'washi anasema, na kila alipowapa watu kisogo kutazama kitambaa, Twalibu alikohoa, naye akageuka, macho yao yakakutana, na mara nyingi sentensi ilimpotea hapo hapo. "Usinitazame mimi," Twalibu alisema. "Watazame wao." "Wao ni nani? Hapa uko wewe na mama." "Basi mtazame mama." Bi Mwanamkuu aliinamisha kichwa ili wasimwone anacheka.

Kipande cha mwisho tu ndicho ambacho Ng'washi hakuwahi kukisema pale uani. Kila alipofika kitambaa cha tano alisema, "Kilichobaki ni orodha."

Jumamosi alikwenda kibandani na ile karatasi. Twalibu alikuwa akichanganya rangi nyeusi. Akaipokea, akaifungua kwa vidole viwili asiichafue, akaisoma kwa sauti.

"Gari moja. Hadubini mbili. Dawa za miezi sita." Akatua. "Mtaalamu mmoja wa maabara, akae Usinge miaka mitatu."

Akachukua brashi, akaanza kuiosha, ingawa ilikuwa bado haijatumika.

"Mko wangapi wataalamu wa maabara hospitali?"

"Wawili."

"Na Mzee Lugembe yuko kitandani."

"Ndiyo."

"Basi huyu mmoja ni wewe."

Nje mtu alipita akinadi mkaa.

"Ulijua tangu kitambaa cha kwanza," Twalibu alisema.

"Nilijua."

"Ukakaa kwenye mkeka wa mama yangu. Ukanywa chai yake."

"Niliandika barua mbili Dar es Salaam waniletee mtu. Nilisema, wakimleta, sitahitaji kukwambia chochote. Jibu limekuja wiki iliyopita. Hawana mtu. Niliogopa, Twalibu. Kila siku nilisema nitamwambia leo, nikifika unanikoholea, unacheka, nashindwa."

"Miaka mitatu ya nini? Si mtu anachomwa sindano anapona?"

"Ugonjwa huu hujificha. Aliyetibiwa lazima achunguzwe tena na tena, miaka miwili na zaidi, na asiyejua kuutafuta hauoni. Kambi bila mtu wa hadubini ni mahema tu."

Twalibu aliweka brashi chini. Alikuja akasimama karibu naye, karibu kuliko alivyowahi kusimama mchana na mlango ukiwa wazi.

"Nikikwambia usiende?"

Ng'washi alimtazama. Macho yake yalikuwa yamejaa lakini hayakumwagika.

"Ukiniambia sitakwenda," alisema. "Ndiyo maana nakuomba usiniambie."

Twalibu ndiye aliyeondoa macho kwanza.

"Ningekufuata," alisema. "Lakini Usinge kuna duka moja, na mwenyewe anajulikana, hahitaji bango. Hilo si kitu, ningelima. Mama ndiye. Asubuhi hii amemimina chai nje ya kikombe, akaendelea kumimina."

"Humwachi mama yako. Ungemwacha, nami ningekuogopa."

"Basi tufanye nini?"

"Sijui. Mimi najua kutafuta ugonjwa kwenye damu tu. Hili sijui."

Twalibu aliikunja ile karatasi, akaitia mfuko wa shati.

"Kitakuwa tayari Jumatano," alisema.

"Na Jumapili? Mama ananingoja."

"Nitamwambia unajiandaa na mkutano. Si uongo."

Jumatano saa nne asubuhi ukumbi ulikuwa umejaa. Madaktari walikaa mbele, maofisa wa afya na wa maji nyuma yao, na mezani alikaa mwenyekiti, Daktari Sylvester, mtu mrefu wa maneno machache. Kando yake Bwana Dionis, ofisa utumishi, alikuwa tayari amefungua saa yake ya mkononi na kuilaza mbele yake. Twalibu alikuwa amesimamisha fremu ya mbao aliyoitengeneza mwenyewe, akakaa kwenye kibao pembeni na vitambaa vimeviringishwa magotini. Hakumsalimu Ng'washi kwa mdomo. Alitikisa kichwa tu, naye akatikisa.

Ng'washi hakuwa amelala vizuri tangu Jumamosi. Alihofu kitambaa cha sita hakikuandikwa. Na kitu ndani yake, kitu alichokionea haya, kilitumaini hivyo.

Akasimama. Mikono yake ilikuwa mitupu.

"Mwezi wa nne," alianza, "mwanamke mmoja anayeitwa Ngollo alimleta mumewe hospitali hii. Alimbeba kwenye baiskeli, amemfunga kwa kanga asianguke, maana alikuwa amelala."

Aliyekuwa akipekua makaratasi safu ya pili aliacha kupekua. Twalibu alikuwa ameshatundika kitambaa cha kwanza. Hakungoja kuambiwa. Aliijua hotuba ile neno kwa neno, na kila Ng'washi alipofika mahali pa kuhitaji kitu, kitu kilikuwa kimeshawekwa. Mbung'o alipofunuliwa, ofisa mmoja alijikuna shingo bila kujua. Ramani ilipofunuliwa, Ng'washi alinyamaza, kama walivyofanya mazoezi, akahesabu moja mpaka tano kimoyomoyo, akawaacha waone wenyewe. Aliona vichwa vikiinama mbele. Aliona midomo ikisema, Kivukoni.

Mahali pamoja tarakimu ilimtoka. Zamani angebabaika. Akasema, "Hesabu kamili iko kwenye makaratasi mliyopewa. Ninalotaka mwondoke nalo hapa ni hili: kila mwezi tunaongoja, nguzo inarefuka." Akaendelea.

Daktari Sylvester aliuliza swali moja baada ya kitambaa cha tano.

"Utajuaje kuwa ni kivuko na si mashamba?"

Swali hilo Twalibu ndiye aliyelitabiri. Swali linalokutisha, alimwambia, ndilo uanze kulitafutia jibu.

"Kuna vijiji viwili vinalima bonde hilo hilo," Ng'washi alijibu. "Kimoja kinapita Kasisi. Cha pili kinapita njia ya reli. Cha Kasisi wagonjwa thelathini na wanane. Cha reli, wawili. Na hao wawili nimewauliza. Walikwenda msibani ng'ambo ya Kasisi."

Daktari Sylvester aliandika kitu, akapiga mstari chini yake.

Bwana Dionis alivaa saa yake.

"Binti, umeeleza vizuri sana, nimeelewa hata mimi nisiye daktari," alisema. "Lakini nitasema kweli. Kila mwaka tunapanga kambi, na kila mwaka mtu wa kukaa huko hapatikani. Tunaandika mtaalamu mmoja, na mtaalamu mmoja hana sura wala miguu. Napendekeza jambo hili tuliweke mpaka mwakani. Tupate mtu kwanza."

Vichwa viwili vitatu vilikubali. Ng'washi alifungua mdomo. Maneno aliyokuwa nayo ni mawili tu, Nitakwenda mimi, na hayakutoka. Dakika ya kumi na saba ilikuwa ikipita.

Twalibu aliinuka. Akakishusha kitambaa cha tano, akakiweka chini. Akakitundika cha sita, akakifungua taratibu mpaka chini.

Herufi zake zilikuwa kubwa kuliko zote alizowahi kuandika, nyeusi, zimesimama wima. Gari moja. Hadubini mbili. Dawa za miezi sita. Na mstari wa nne, badala ya mtaalamu mmoja wa maabara, uliandikwa kwa rangi nyekundu: Ng'washi Masolwa, miaka mitatu.

Ng'washi alikisoma kitambaa pamoja na wengine, kama mtu anayesoma habari zake gazetini.

"Ni wewe?" Bwana Dionis aliuliza, kwa sauti ya chini sasa.

"Ni mimi."

"Na umeridhia?"

Ng'washi alimtazama Twalibu. Alikuwa amesimama pembeni ya fremu, ameshika upindo wa kitambaa usipeperuke, na alikuwa akitazama sakafu.

"Nimeridhia," Ng'washi alisema.

Daktari Sylvester aliuliza nani anapinga. Hakuna aliyenyanyua mkono.

Watu walipokwisha kutoka, walibaki wao wawili kukunja vitambaa. Kila mmoja alishika ncha mbili, wakakutanisha, wakasogeleana, wakaachana, wakasogeleana tena. Walikunja vitano hivyo. Kwenye cha sita Ng'washi alisimama, hakusogea.

"Kwa nini uliandika jina langu?"

"Nilianza kuandika kama ulivyoandika. Nikarudi nyuma mpaka mlangoni nikasoma. Nikajiambia, kama mimi ndio mkutano, hapa ningesema tungoje. Hakuna anayeahirisha mtu aliyesimama mbele yake."

"Ungeandika nilivyokupa, wangeahirisha."

"Najua."

"Ningebaki, Twalibu."

"Najua. Unadhani sikujua? Niliweka brashi chini mara tatu. Nikamkumbuka yule anayeshika upindo wa kanga asimjue mkewe. Nikaona tungeoana, tungekaa uani kwa mama, na kila mwezi wangekuletea vioo vya damu kutoka Usinge, nawe ungerudi nyumbani unitazame." Akanyoosha kitambaa. "Nisingeweza kutazamwa hivyo."

Wakakutanisha ncha. Vidole vyao vikagusana juu ya kitambaa, na Twalibu akavishika vya Ng'washi, akavishika kwa nguvu, rangi nyekundu bado ikinuka.

"Nitakungoja," alisema. "Miaka mitatu si umri."

"Usiniahidi. Mama yako hana miaka mitatu ya kungoja sura asiyoiona."

"Nitasema naye."

"Sema naye. Lakini usimfiche kitu. Mimi nimemficha, nimeona malipo yake."

Akavitoa vidole vyake, kimoja kimoja.

Maandalizi yalichukua wiki tano. Gari lilitangulia na mahema na dawa. Katika wiki hizo Twalibu alikuja maabara mara mbili, akasimama dirishani, na mara zote mbili walizungumza habari za mvua. Mara ya tatu hakuja. Ng'washi alikwenda Gongoni akakuta kibanda kimefungwa. Alifika mpaka mlangoni kwa Bi Mwanamkuu, akanyanyua mkono kubisha, akaurudisha.

Asubuhi ya safari alikwenda stesheni na sanduku moja. Treni ya Kigoma ilikuwa imechelewa. Alikuwa akitafuta kivuli alipomwona Bi Mwanamkuu akija, buibui jeusi, anatembea kwa hatua fupi za mtu asiyeiamini ardhi. Aliyemshika mkono alikuwa Batuli, binti wa marehemu dada yake, msichana mpole wa Isevya aliyekuwa na umri wa miaka ishirini.

Ng'washi alikimbilia kuwapokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sogea nikushike."

Bi Mwanamkuu alimpapasa uso, paji, mashavu, kidevu, kwa viganja vikavu vinavyonuka karafuu.

"Twalibu ametoka alfajiri, hakusema aendako," alisema. "Sikumuuliza. Mimi nimekuja kwa miguu yangu. Nilikasirika, sikufichi. Ulinieleza habari za yule mgonjwa na mkewe mpaka nikalia, ukaniacha nikupende, na mwisho wa habari ukaniacha nje."

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe. Kazi uliyoishika ni kazi ya kweli, nami ningekuwa mama wa mmoja wa wale ningekuombea dua usiku na mchana. Lakini sikuja kwa hilo. Nimekuja kukwambia kwa mdomo wangu, usije ukasikia kwa abiria." Akavuta pumzi. "Mfungo Mosi, Ramadhani ikiisha, tunamwoza Twalibu. Alikataa. Nikamwambia tena, akakataa. Siku ya tatu nikamwambia, mwanangu, jana nimeshindwa kuuona mlango. Hapo akanyamaza."

Hakusema bibi harusi ni nani. Ng'washi aliutazama mkono wa Batuli, jinsi ulivyomshika yule mama chini ya kiwiko, jinsi ulivyokwisha kuzoea, akaelewa. Batuli alikuwa ameinamisha macho.

"Mungu awape heri, mama," Ng'washi alisema. Aliyasema yote, mpaka neno la mwisho.

Treni iliingia. Watu wakaanza kusukumana na magunia. Batuli akatoa kifurushi chini ya kanga yake.

"Nimekufungia chapati na nyama, dada. Njia ndefu."

"Ahsante."

"Sikuomba mimi," Batuli alisema taratibu, ili Bi Mwanamkuu asisikie. "Nimeitwa tu, nikaambiwa."

"Najua, Batuli. Sina kinyongo nawe." Ng'washi alimvuta pembeni hatua mbili. "Sikiliza. Mama asibebe maji ya moto. Na jua kali linamuumiza macho, umvalishe mtandio mpana. Ukimweleza kitu, mweleze kama haoni kabisa, lakini usimwambie haoni."

Batuli alitikisa kichwa kwa kila neno, kama mwanafunzi.

"Na yeye?" aliuliza. "Kuna la kunieleza?"

Kulikuwa na mengi. Ng'washi alikuwa nayo yote, siku kwa siku, tangu makaratasi kumi na moja. Akanyanyua sanduku lake.

"Yeye utamjua mwenyewe," alisema. "Taratibu."

Alipanda daraja la tatu, akapata nafasi karibu na dirisha. Hakutazama nje treni ilipoondoka, wala hakulia. Alikaa wima, kifurushi mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa jina. Stesheni ya Usoke ilipita. Mama mmoja mwenye kuku kwenye tenga alipanda akaketi mbele yake, akamsalimu, akajibiwa vizuri.

Karibu na Urambo Ng'washi alifungua kifurushi ale kidogo. Chapati zilikuwa bado laini. Akaikata moja, akaipeleka mdomoni, na hapo ndipo kilio kilipomjia, kilio cha kutoka tumboni, mabega yakitikisika, tonge limebaki mkononi. Yule mama alisogeza tenga lake kwa mguu, akahamia upande wake, akamwekea mkono mgongoni.

"Pole, mwanangu," alisema. "Umefiwa?"

Ng'washi alitikisa kichwa.

"Hapana, mama," alisema. "Wote wazima."